Karatasi Namba Kumi na Saba

Ilinifikia imekunjwa mara nane,
imefungwa kwa kamba ya kiatu,
ramani ya nyanda za mawe nyuma ya Trieste,
nchi isiyo na mto,
iliyopimwa na maafisa wa kaizari waliovaa glavu.
Kazi yangu ni kuziba mipasuko:
gundi ya ngano, brashi laini, subira.
Sikuajiriwa kusoma.
Lakini mwenye macho haambiwi tazama.

Pembezoni, kwa penseli ngumu, herufi zimesimama wima
kama watoto wanaosubiri kukaguliwa kucha:
huyo ni Ludvik Ukmar, mwalimu wa Suhi Dol.
*Kisima hiki hakiitwi cha Mtakatifu Roko.
Anayekiita hivyo ni karani peke yake.
Sisi twasema Pri Jeri. Kwa Jera.*

Chini yake, kwa wino wa kijani, mwandiko unaokimbia:
Daktari Ondina Sancin, mtafiti wa majina.
*Hapakuwa na Jera. Nimepekua vitabu vya ubatizo
tangu ukurasa ulioliwa na panya hadi huu wa leo.
Neno ni kongwe kuliko ubatizo wenyewe.
Labda maana yake ni jiwe linalovuja.*

Penseli: *Jera alimwazima bibi yangu ndoo.*
Kijani: *Ndoo si ushahidi.*
Penseli: *Katika nchi isiyo na mto, Daktari,
ushahidi ni ndoo.*

Nilicheka peke yangu, brashi ikadondoka.
Karatasi ilikuwa ikisafiri kwa posta,
Trieste hadi Suhi Dol, Suhi Dol hadi Trieste,
miaka kumi na moja kwa hesabu ya mihuri.
Maafisa waliacha ramani;
wawili hawa wakaipiga kama ramli,
wakiwaita wafu kwa jina la kisima.

Kisha chaki nyekundu.
Haina saini. Imetoka juu ya karatasi
ikashuka bila kuinua mkono,
ikakanyaga shamba la Škerk, zizi, njia ya mbuzi.
Nimeipima kwa rula: milimita tatu.
Kwa vipimo vya ramani, mita themanini na sita.
Ndani ya unene wa chaki zimo nyumba nne
na kisima.
Mpaka: neno la mahali, tena neno la kungoja.
Kaa hapa, mpaka.
Mpaka lini, hakuna aliyeandika.

Baada ya hapo maneno ni machache.
Penseli inatetemeka kwenye jina la kilima.
Wino wa kijani umechujuka, kama uliochanganywa na maji
ili utoshe.
Na chini kabisa, karibu na kipimo cha maili:
*Mwalimu, sawa. Jera alikuwepo.
Niambie tu, ndoo ilikuwa ya shaba au ya mti?*

Hapana jibu.
Pana doa jeupe, karatasi imesuguliwa
hadi nyuzi zimesimama.
Niliinamisha taa, mwanga ukalala ubavu,
maana penseli ngumu ikifutwa
huacha mfereji wake.
Nikasoma kwa kivuli:

*Ya mti. Ilikuwa ikivuja.*

Kwa nini aliandika, kwa nini akafuta?
Labda aliona kwamba, kwa neno moja,
amempa Daktari jiwe lake.
Labda posta haikuvuka tena ile chaki.
Labda ni mambo ya mwalimu tu,
hawezi kuacha kosa, hawezi kuacha jibu.

Niliziba mipasuko yote isipokuwa hapo.
Gundi ingejaza mfereji.

Fomu ya maktaba ina kisanduku kimoja:
*Maandishi ya pembeni: yapo / hayapo.*
Nikaweka alama kwenye *yapo*,
nikanawa mikono,
nikarudi kuitazama ile ndoo.